Kiti cha Nyuma Kilichofungwa Nailoni

Ukimuuliza Sifuel Mrutu barabara ya kwenda Utunzani inaanzia wapi, atakunja uso na kukuambia hajui, na kwamba afadhali na wewe usijue. Kama una haraka ya kumwita mwongo, mwite mapema uende zako, maana mtu aliyepima mvua kwa miaka thelathini na minne hana mazoea ya kutia chumvi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kila asubuhi saa tatu kamili, kwenye kituo cha hali ya hewa kule kilimani, kuinua kipimo, kusoma milimita na kuandika. Isiponyesha aliandika sifuri. Siku aliyostaafu wenzake walimpa keki na saa ya ukutani, mkuu wake akalikosea jina lake mara mbili katika hotuba moja, na kesho yake saa tatu akajikuta amesimama uani kwake akiichungulia ndoo.

Pikipiki alikuwa nayo tayari. Aliinunua miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, nyekundu, akaja nayo nyumbani huku mkewe Nakijwa amekaa nyuma anacheka njia nzima. Nakijwa alikuwa na jambo moja alilolitaka tangu shule ya msingi, nalo ni kuliona ziwa. Mtu amekulia milimani, anaambiwa kuna maji ambayo huwezi kuona ng'ambo yake, atakosaje kutaka kuyaona? "Tutakwenda," Sifuel alimwambia. "Ngoja nistaafu." Akamkataza asiiguse nailoni ya dukani iliyofunika kiti. Kipande cha mbele alikichana mwenyewe, kwa kuwa jua likipiga kilimuunguza mapaja. Cha nyuma alikizungushia utepe wa gundi, kiti kibaki kisafi mpaka siku ya safari. Tangu siku hiyo Nakijwa alikwenda sokoni kwa bodaboda za watu.

Akanunua kitenge cha safari, cha buluu chenye ndege wa njano, akakiweka kabatini na karatasi yake ya bei. Kila mwaka aliuliza. Kila mwaka aliambiwa angoje. Miaka miwili kabla Sifuel hajastaafu, Nakijwa aliugua siku tisa, akafariki.

"Baba, kwa umri huo, pikipiki, tena peke yako?" binti yao Nakiete alilalamika kwenye simu. "Panda basi kama watu wengine."

"Basi halisimami ninapotaka mimi," Sifuel akamjibu, akakikunja kile kitenge na kukitia ndani ya koti.

Akaondoka. Lakini, na hili ndilo la kushika, hakuwa na hakika kama kweli anataka kufika. Safari ikiisha, ahadi nayo imeisha, na ahadi ile ndiyo kitu pekee cha Nakijwa kilichokuwa bado hakijatokea. Vingine vyote vilikwisha kutokea, hata mazishi. Aliogopa kulifikia ziwa kama mtu anavyoogopa kuingia chumba cha daktari kuchukua majibu.

Siku ya pili ya safari, mama mmoja mwenye mguu uliovimba alimpungia mkono pembeni mwa barabara. Alikuwa na furushi, na jua lilikuwa kali. "Baba," akasema, "kiti kina mtu?"

"Kina mtu," Sifuel akajibu, akatia gia. Katika kioo alimwona yule mama amesimama palepale, anakitazama kiti kitupu kinavyokwenda. Alijisikia vibaya mno, hata hivyo hakurudi.

Baada ya hapo ukungu ulishuka, na ulipoinuka alikuwa Utunzani.

Kitu cha kwanza kumshangaza kilikuwa lami. Ilikuwa nyeusi na laini, haina hata alama ya tairi, imenyooka kupita katikati ya mashamba. Kando yake, kwenye kijia cha vumbi kilichochimbika hadi magotini, watu walikuwa wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba mizigo vichwani. Hakuna aliyekanyaga lami. Walipomwona juu yake na pikipiki walisimama wote kwa pamoja, wakafunika midomo kwa viganja. Hakusikia mtu akipiga kelele. Alisikia mchakacho tu, kama wa mtu anayefungua mfuko wa mkate chumba cha pili, na mchakacho huo haukumwacha tena siku zote alizokaa nchi ile.

Mtu mmoja mrefu aliyevaa sare alimsimamisha. Sare yenyewe ilikuwa bado na pini za kiwandani kwenye kola, na aliigeuza shingo polepole kwa kuogopa kuchomwa. "Mimi ni Stahamili, Afisa Mapokezi," alinong'ona. "Mzee wangu, umepita juu ya barabara?"

"Sasa nipite wapi?"

"Haijafunguliwa."

"Ilikwisha kujengwa lini?"

"Mwaka niliozaliwa mimi," Stahamili akanong'ona. Huyo alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu. "Mgeni rasmi hajapatikana. Utepe upo kule mwisho, tumekwisha kuubadilisha mara sita kwa sababu ya jua."

Akatoa daftari amwandikie kosa. Daftari nalo lilikuwa jipya, na Sifuel akaona kwamba hakuliandika. Alipitisha kalamu hewani juu ya ukurasa, akalifunga. Ndipo macho yake yalipoangukia kiti cha nyuma. Akachutama. Akaisogelea ile nailoni bila kuigusa, akautazama utepe wa gundi uliogeuka rangi ya chai.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na mwenye kiti?"

"Mke wangu. Amefariki."

"Na bado hujakifungua?"

"Sijakifungua."

Stahamili akavua kofia. Machozi yalimlengalenga, akayafuta haraka yasidondokee sare. "Shikamoo, mzee," akasema. "Tumekuwa tukikungoja."

Kwa nini Sifuel hakugeuza pikipiki saa ile? Mimi nilimuuliza. Alisema tangu msiba hakuna mtu aliyemwambia kwamba amefanya jambo la maana kwa kukiacha kile kiti. Watu walimwambia asahau. Huyu alimvulia kofia.

Wakaisukuma pikipiki pembeni ya lami, kwa vumbi, hadi mjini. Mji ulikuwa safi kupita kiasi. Milango yote ilikuwa na karatasi za kiwandani. Hospitali ilikuwa na vitanda mia mbili vya kisasa, kila kimoja kimezungushiwa nailoni, na wagonjwa walikuwa wamelala chini kati ya vitanda, wamepangwa vizuri. Shuleni watoto walikaa sakafuni nyuma ya madawati mapya, wameshika viatu mkononi. Na hakuna aliyesema kwa sauti. Stahamili alimweleza kwamba sauti nzuri huwekwa kwa ajili ya siku kubwa. Mtu akiitumia ovyo sokoni, siku hiyo atasema na nini? Kucheka pia kulikuwa na utaratibu wake. Ukijisikia kucheka, unafunga mdomo, unatikisika mabega, linapita.

Adhuhuri walimpeleka Barazani. Wajumbe walikuwa wamechuchumaa ukutani, viti vyao vimefunikwa mbele yao. Hoja ya siku hiyo ilikuwa matangi ya maji. Nchi ilikuwa na matangi kumi na mawili makubwa, yamejaa hadi kwenye vifuniko, yamefungwa kwa muhuri wa risasi, yanasubiri kiangazi. Sasa kiangazi kilikuwa kimeingia mwezi wake wa tano, na watu walikuwa wanakunywa maji yaliyobaki kwenye nyayo za ng'ombe bwawani. Mjumbe mmoja mdogo wa umbo aliomba kwa unyenyekevu wafungue tangi moja.

"Halafu kikija kiangazi kibaya kuliko hiki?" mwenyekiti akanong'ona.

"Basi tutafungua la pili."

"Na kikija kibaya kuliko hicho?"

Baraza lote lilitikisa vichwa kwa huzuni. Kambi mbili zilikuwapo tangu enzi za babu zao: moja ilitaka matangi yafutwe vumbi kila wiki, nyingine ilisema kufuta kunakwaruza rangi, yafunikwe mara ya pili. Juu ya kuyafungua, kambi zote zilikuwa kitu kimoja. Mwenyekiti akamgeukia mgeni. "Tumesikia wewe ni mtaalamu wa mvua. Tuambie kwa haki. Katika miaka yako yote, uliwahi kuona kiangazi ambacho ungeapa kwamba hakiwezi kuja kibaya zaidi?"

Sifuel alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo havibembelezi mtu. "Hapana," akasema. "Siku zote kinaweza kuja kibaya zaidi."

Mabega yakatikisika ukuta mzima. Walikuwa wanafurahi. Yule mjumbe mdogo aliinama, midomo imempasuka kwa kiu, na hoja ikafungwa. Sifuel alitaka kusema kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba maji yanawekwa ili yanywewe, lakini walikuwa wamekwisha kuinuka na kumpa mkono mmoja mmoja. Kila mkono ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Walimpeleka alale kwa Mama Hidaya, mjane wa makamo yake, ambaye hakuwa mjane hasa. Alisema mumewe yuko Ghalani. Sebule ilikuwa na makochi manne yaliyofungwa, na wao wawili walikaa kwenye mkeka. Kabatini, nyuma ya kioo, palikuwa na vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Chai alimpa kwenye kopo la siagi.

"Vizuri sana hivyo vikombe," Sifuel akasema, kwa adabu tu.

"Nilipewa harusini. Havijawahi kuijua chai." Mama Hidaya alivitazama kitambo. Halafu akanong'ona kwa kasi, kama mtu anayeiba: "Kaka yangu, hivi upepo wa pikipiki ukoje?"

"Unakupiga usoni."

"Unauma?"

"Mwanzoni kidogo. Ukizoea hutaki uishe."

"Mwenzangu alinunua baiskeli ya kunipakia," akasema. "Iko hapo nyuma, imefungwa vizuri. Na viatu vya kupandia ninavyo." Akafunga mdomo, mabega yakamtikisika, lakini safari hii Sifuel hakuona kama anacheka.

Asubuhi Stahamili alikuja na habari njema. Baraza limempa mgeni uraia wa daraja la kwanza, na leo ataingizwa Ghalani pamoja na kiti chake. Wakaisukuma pikipiki hadi kwenye jengo refu lisilo na madirisha, bati lake jeupe. Ndani palikuwa na mwanga wa kijivu na harufu ya duka jipya, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na harufu nyingine ambayo Sifuel hakutaka kuitafuta. Rafu zilikwenda mpaka macho yanakoishia. Nguo za watoto waliokwisha kuwa wazee. Mahari ambayo haikupelekwa. Barua zilizoandikwa zikasubiri maneno mazuri zaidi. Kila kitu kilikuwa na kadi yenye jina.

Mbele zaidi walikuwa watu. Walikaa kwenye viti, wazee wanaume kwa wanawake, wamefunikwa nailoni hadi shingoni, mikono mapajani. Sifuel alidhani ni maiti, mpaka alipoona macho yakimfuata. Kando ya kila mmoja palikuwa na kiti kitupu kilichofungwa. Wote walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kuelekea mlango mdogo mwishoni mwa jengo, kama watu wanaosikiliza.

"Hawa wamejitunza," Stahamili alinong'ona kwa heshima. "Chako ni hiki."

Viti viwili vilikuwa pamoja. Kadi ya kwanza ilisema Sifuel. Ya pili ilisema Nakijwa, safari ya ziwani.

Sifuel aliisoma mara mbili. Hakuwa amemtajia mtu yeyote jina la mkewe. Hakuwa amesema neno ziwa tangu aingie nchi ile. "Nani amewaambia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa kubwa mno humo ndani, nailoni zote zikachakacha.

"Hatuambiwi, mzee. Kinachotunzwa kinajulikana." Stahamili akamshika kiwiko taratibu. "Fikiri. Safari haijafanyika. Ambacho hakijafanyika hakijaisha. Basi na yeye hajaisha, yuko katika kujiandaa. Ukienda huko ziwani peke yako, hapo ndipo utakuwa umemzika. Keti."

Tuseme ukweli, ni nani kati yetu asingeketi? Aliketi. Nailoni ilimpanda polepole kutoka magotini bila kushikwa na mtu, ilikuwa na uvuguvugu, nayo miguu yake iliyochoka ikapumzika kwa mara ya kwanza tangu msiba. Stahamili akaondoka kwa ncha za vidole. Halafu nyuma ya ule mlango mdogo, Sifuel akamsikia.

Zilikuwa kandambili zake, ile ya kushoto inayoburuza. Kilikuwa kikohozi chake cha asubuhi. Kabati lilifunguliwa, kitu kikakung'utwa kama kitenge kipya, na Nakijwa akasema kwa sauti ya mtu aliyebana pini mdomoni: "Sifuel, nakuja. Ngoja kidogo."

Akalia. Aliinamisha kichwa upande wa mlango kama wenzake, akangoja. Kandambili zilikwenda, zikarudi. "Nakuja. Ngoja kidogo." Mvua ilipiga bati, mvua kubwa ya kwanza ya msimu, ikakatika, naye hakujiuliza ni milimita ngapi. "Ngoja kidogo." Nailoni ilikuwa imefika kifuani. Hakuwa na njaa wala kiu. Angeweza kungoja hivyo mpaka mwisho wa dunia, na asingeona hata mwisho wenyewe ukipita.

Lakini mtu aliyezoea kusoma vipimo, kosa dogo humkereketa. Kuna kitu hakikukaa sawa. Sauti ilikuwa ya Nakijwa, kikohozi chake, kandambili zake. Maneno je? Akarudisha kumbukumbu mwaka kwa mwaka, kama anayepekua vitabu vya kituo. Nakijwa alisema twende. Alisema lini. Alisema mbona saa zinakwenda. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa kwanza kuondoka. Katika ndoa ya miaka ishirini na tisa, Nakijwa hakuwahi hata mara moja kumwambia angoje. Neno hilo lilikuwa la Sifuel. Kule nyuma ya mlango hakukuwa na mke wake. Kulikuwa na neno lake mwenyewe, limevaa kandambili za marehemu.

Akainuka kwa nguvu. Nailoni ilimng'ang'ania mabegani, akaibandua, akashika usukani wa pikipiki na kuisukuma kuelekea nje, huku macho ya wale wazee yakimsindikiza. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anajaribu kusema kitu bila kufungua mdomo.

Langoni Stahamili aliziba njia. Nyuma yake watu walikuwa wamekusanyika kwenye kijia, sasa tope kwa ile mvua, nusu ya mji. "Mzee, sheria," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Kilichofungwa hakitoki ndani ya mipaka. Iache pikipiki, uende kwa miguu. Au urudi ukae."

"Na kikifunguliwa?"

"Kikifunguliwaje?"

"Nikikifungua, kitatoka?"

Stahamili alifungua daftari lake tupu, akageuza kurasa. "Hakuna aliyewahi," akasema. "Hatuna fomu yake."

Sifuel akaweka kidole chini ya ule utepe wa gundi. Alikuwa amekilinda kiti hiki dhidi ya mvua, mbuzi na watoto wa jirani, na mara moja dhidi ya mwenye kiti mwenyewe, siku Nakijwa aliporudi sokoni na mzigo mzito akasema leo nipeleke mpaka barabarani tu, naye akakataa. Akavuta. Nailoni ikapasuka kwa mlio mrefu. Nyuma yake Ghala zima likachakacha, na mtu mmoja humo ndani akakohoa kwa sauti.

Kiti kilikuwa kimeoza. Maji yalikuwa yameingia siku nyingi, jua likayapika, na ngozi ilikuwa imeota ukungu mweusi, imepasukapasuka, sifongo linatoka kama makombo. Harufu ilikuwa ile ile ya Ghalani, ile ya chini. Sifuel alikitazama, akakaa kwenye tope na kulia kwa sauti yake yote. Miaka yote hiyo hakuwa amekitunza kitu. Alikuwa amekifunga tu kioze bila mtu kuona.

Watu walirudi nyuma. Mmoja tu ndiye aliyesogea mbele, Mama Hidaya, amebeba boksi la viatu. "Kaka yangu," alinong'ona, "nipeleke mpaka kwenye utepe. Hapo tu." Akafungua boksi, akatoa viatu vya ngozi vya kahawia, vinang'aa, akavivaa amesimama kwa mguu mmoja mmoja. Akapiga hatua. Soli zikabaki chini. Alipiga ya pili, na visigino vikamegeka vikawa unga, mpaka akawa amesimama peku na vipande viwili vya ngozi vimemzunguka vifundoni.

Alivitazama. Mabega yakaanza kumtikisika kama kawaida, halafu mdomo ukamponyoka, akacheka. Lilikuwa cheko la msichana, halijatumika, kubwa kiasi kwamba ndege waliruka kwenye bati la Ghala. Yule mjumbe mdogo wa Barazani, huko nyuma ya umati, akacheka naye, kisha akageuka na kuanza kutembea upande wa matangi, na watu wachache wakamfuata. Stahamili alikuwa bado anatafuta fomu.

Sifuel akainuka, akatoa kitenge ndani ya koti. Akaing'oa karatasi ya bei. Akakikunja mara nne juu ya kile kiti kilichooza, akakifunga kwa chini mafundo mawili, ndege wa njano wakabaki juu. "Keti, mama," akasema. "Nishike kiunoni."

Wakapita katikati ya lami. Mama Hidaya alikuwa ameufungua mdomo wote upepo uingie. Utepe mwekundu uliwapiga kifuani, ukakatika kama uzi wa buibui. Hatua chache mbele, ukungu ulipoanzia, Mama Hidaya akamgonga Sifuel mgongoni asimame, akashuka.

"Twende mpaka ziwani," Sifuel akamwambia, na alimaanisha.

"Hapana." Alikuwa anasema kwa sauti sasa, sauti ya kukwaruza. "Nina vikombe sita vya kutia chai. Kimoja nitampelekea mume wangu, anywe au amwage, atajua yeye." Akageuka, akarudi peku, katikati kabisa ya barabara.

Ziwa alilifikia kesho yake alasiri. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, kina mama wanafua, na maji yalikwenda mpaka yakawa mbingu. Kweli hayakuwa na ng'ambo. Sifuel alivua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akamwambia Nakijwa kwamba wamefika. Alisubiri kidogo. Hakukuwa na kandambili, hakukuwa na kikohozi. Amekufa, akawaza, amekufa bila kuyaona haya, na mimi ndiye niliyemzuia. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi, na aliiacha imuume mpaka jua likamchoma kisogo.

Aliporudi kwenye pikipiki, mama mmoja alikuwa amesimama hapo na beseni la samaki kichwani, anakiangalia kile kitenge.

"Baba, nafika hapo juu sokoni tu," akasema. "Kiti kina mtu?"

Sifuel akakipangusa mchanga kwa kiganja. "Kilikuwa na mtu," akasema. "Lete beseni nikushikie, kisha upande."